Nimemlisha Mahamri Anayetaka Kunihamisha

Leo nimetoka nyumbani kwenda kugombana, na mkononi nimebeba mahamri.

Msinicheke! Sisi watu wa Mombasa hatuingii kwenye shughuli ya watu mikono mitupu, hata kama shughuli yenyewe tunaichukia.

Ulikuwa mkutano wa majirani kuhusu maghorofa yanayotaka kujengwa hapa Saint Paul, huku ughaibuni, karibu na uwanja wa zamani wa besiboli. Mkahawa wangu uko kwenye kona hiyo miaka kumi na moja. Nilipoanza, mtaa huu hakuna aliyeutaka. Siku hizi kila mtu autaka, ila bila mimi.

Basi bwana wa kampuni ya ujenzi akaliona bakuli langu, akajihudumia. Hamri la kwanza, la pili, la tatu. La nne liko mdomoni ndipo akawasha projekta.

"Shida ya kona hii," akasema huku akitafuna, "hakuna pa kula."

Jirani yangu Mkongo akaangua kicheko, na wengine wote wakafuata.

Maskini bwana yule, hakuelewa. Akaniuliza kwa adabu kabisa, hivi vitu vitamu nimevinunua wapi?

Nikasimama, nikaweka kidole kwenye kona yangu katika mchoro wake ukutani.

"Hapo ulipochora mti."

Wallahi, uso ulimwiva! Ameahidi kuja kesho kula, na mchoro ataurekebisha.

Haya semeni, nimtilie na mbaazi, ama bado hajastahili?

Meza nishamchagulia. Atakaa pale pale kwenye mti wake.