Niliandika La

Kwenye fomu ya kampuni ya bima kulikuwa na swali moja karibu na mwisho: umewahi kupatikana na hatia mahakamani? Niliandika La, nikapuliza wino ukauke, nikaendelea na swali la afya. Sikudanganya. Au tuseme, kwa jinsi tulivyoyaelewa mambo mtaani kwetu, sikudanganya.

Tuliishi katika nyumba za kaunsili ya jiji, chumba kimoja kwa familia, mfereji mmoja wa maji kwa mstari mzima wa nyumba. Miaka ya sabini ilikuwa inaelekea ukingoni. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, na jioni nilikwenda kujifunza taipu katika ukumbi mmoja karibu na Barabara ya Jogoo. Siku moja natoka darasani, giza ndiyo kwanza linaingia, lori la polisi likasimama mbele yetu. Wanaume waliulizwa kipande, yaani kitambulisho. Sisi wanawake wakati huo tulikuwa bado hatupewi vipande, kwa hiyo hatukuulizwa chochote, tulipandishwa tu. Ndani nilimkuta jirani yetu wa mlango wa tatu, aliyekuwa akitoka soko la Gikomba na furushi lake la mitumba. Alinikalisha juu ya furushi hilo nisichafue sketi.

Yeye ndiye aliyenifundisha la kusema. Tulikuwa tumebanana seli, yeye anazungumza kama anayempa mtoto maelekezo ya duka.

"Ukisomewa shtaka, sema ni kweli. Ukikataa, kesi inapewa siku nyingine na wewe unangoja huko rumande. Ukikubali, unalipa, unarudi kwa mama yako. Mimi nimeshakubali mara mbili, na unaniona niko hapa."

Asubuhi walituchovya vidole kwenye wino, wakatupeleka mahakamani, wakatusomea kundi zima shtaka moja: kuzurura usiku kwa nia ya ukahaba. Miongoni mwetu alikuwamo bibi mmoja muuza njugu ambaye hakuwa na meno ya mbele. Zamu yake ilipofika alisema, "Ni kweli, mheshimiwa. Ila siku hizi wateja wamekuwa wagumu." Watu walicheka, hata hakimu akainamisha uso. Nami nilisema ni kweli huku kicheko bado kiko kooni.

Mama alilipa faini kwa pesa za kodi. Hadithi ya bibi wa njugu ilisimuliwa mferejini wiki nzima. Hakuna aliyesema kwamba nimepatikana na hatia. Kwetu ilisemwa tu kwamba fulani alishikwa, akalipa, akarudi, kama vile mchuuzi aliyetozwa na askari wa soko. Wanawake wengi wa mstari wetu walikuwa wameshikwa, wakalipa, wakarudi.

Baadaye nilipiga taipu hapa na pale, kazi za kibarua, mpaka kampuni ile ya bima iliponichukua kwa majaribio. Ilikuwa kazi ya kweli, yenye pensheni, na yenye daktari kwa ajili ya mama, ambaye miguu yake ilikuwa imeanza kuvimba. Tulitumwa polisi tukatoe alama za vidole ili tupatiwe cheti cha tabia njema. Harufu ya ule wino niliitambua mara moja. Nikamkumbuka bibi wa njugu, nikatabasamu.

Cheti kilipokuja, meneja wa wafanyakazi aliniita, akaigeuza karatasi juu ya meza ili niisome. Nilimweleza yote. Alinisikiliza kwa upole, na upole huo ndio ulionitia hofu.

"Kosa lenyewe tungeweza kuliongelea," alisema. "Lakini uliulizwa, ukasema la."

Nilipeleka malalamiko kwa afisa wa kazi. Aliniambia bila kuzunguka kwamba hukumu yenyewe hana uwezo nayo, na muda wa kukata rufaa ulipita zamani. Lakini kampuni ilikuwa imenifuta kazi kwa kudanganya, na hilo angeweza kulichunguza. Kama ningeleta mtu aliyesimama nami kizimbani siku ile, aeleze tulivyoshauriana na tulivyolielewa jambo lenyewe, angeandika kwamba nilijibu kwa nia njema, na kampuni ingenirudisha.

Bibi wa njugu alikuwa ameshafariki. Alibaki jirani.

Yeye alikuwa ameacha mitumba, sasa ni matroni katika shule ya bweni ya wasichana. Nilimkuta akichambua kunde mlangoni. Nilipomweleza, aliuliza ni siku gani, akasema ataomba ruhusa, akaendelea na kunde zake.

Siku ya shauri alikuja na nguo za kanisani, mkoba juu ya magoti. Tuliketi kwenye benchi la korido. Aliniuliza kama ataulizwa anakofanya kazi. Nikamwambia nadhani ataulizwa. Akauliza kama itaandikwa. Ndani, mashine ya taipu ilikuwa ikilia, na kazi hiyo naijua: karatasi ya juu na nakala mbili za kaboni, moja ni ya kampuni. Nikamwambia itaandikwa.



"Na mimi shuleni walinipa fomu," alisema. "Na mimi niliandika la."

"Hawakukutuma kutoa vidole?"

"Mwalimu mkuu alisema mama wa kanisa apelekwe huko kwa nini." Akaufunga mkoba uliokuwa tayari umefungwa. "Lakini nimekuja. Ukiniita nitaingia."

Nikaitwa. Mlango uliachwa wazi kwa sababu ya joto, na kutoka kwenye kiti changu niliviona viatu vyake, vimepakwa rangi vizuri. Afisa aliuliza kama siku ile mahakamani nilisema ni kweli. Nikajibu kwamba nilisema. Akauliza kama nina shahidi. Mashine ikanyamaza kunisubiri. Niliifikiria miguu ya mama. Viatu vya koridoni vikasogea, kama vya mtu anayetaka kusimama.

"Sina," nikasema, na mashine ikaandika.

Malalamiko yalitupwa. Tulirudi pamoja kwa miguu, na tulipofika Gikomba jirani alisimama kumnunulia mama viatu vipana vya mitumba, akavipigania bei kama zamani, akakataa nimshukuru. Mama alivivaa kwenye foleni za hospitali ya serikali mpaka mwisho wa maisha yake.

Mimi niliondoka. Nakuru, Kitale, Voi, ofisi za wafanyabiashara wasiouliza zaidi ya kama unajua taipu. Panapokuwa na fomu naandika Ndiyo, na ile nafasi ya maelezo haijawahi kunitosha.

Mwaka jana jirani alistaafu, akanitumia habari nije. Viti vilipangwa kwenye uwanja wa shule. Mwalimu mkuu wa sasa alisimama akamsifu kwa utumishi usio na doa. Jirani hakuwa akimtazama msemaji. Alikuwa akinitafuta kwa macho kati ya viti, na aliponipata hakuyaondoa. Watu walipiga makofi. Nami nikapiga.