Mashavu na Pweza wa Sinema

Kabla ya mwaka wa hamsini na sita, ungemwambia mtu yeyote wa kijiji cha Jambiani kwamba Mashavu binti Shaame anamwogopa pweza, angekucheka mpaka akae chini. Pweza ndiye aliyemlisha. Mama yao alipofariki, Mashavu alikuwa na miaka kumi na sita, akaachiwa mdogo wake Sichana, mtoto wa miaka mitano, na matundu kumi na moja ya pweza kule mwambani. Kwa matundu hayo alimlea Sichana, akamvisha, akamuoza kwa heshima.

Kazi yenyewe ni hivi. Bamvua la mwezi mpya au mpevu likipwa, bahari ikarudi mbali, mwanamke anatembea mpaka mwambani na kijiti chake, anachokoa tundu, na pweza akikishika kijiti anamvuta. Akikaidi, mkono unaingia. Akiushika mkono, usivute, maana ukivuta hukaza. Ingiza mkono wa pili, tafuta kichwa, kibonye baina ya macho, atalegea. Mashavu aliyafanya hayo huku akihadithia harusi ya nani ilikosa mchele.

Mwaka huo alikwenda mjini, mtaa wa Kiponda, kumsaidia mke wa kaka yake, Mwanakheir, aliyekuwa amejifungua. Arubaini ilipokwisha, Mwanakheir akamchukua sinema, onyesho la mchana la wanawake peke yao. Ukumbi ulijaa mabuibui na maganda ya karanga. Picha ilikuwa ya Kizungu: bomu limepigwa chini ya bahari, wavuvi wametupa nyavu kwenye kina, na kutoka huko akapanda pweza mkubwa kuliko meli yao. Wanawake wa mjini walipiga mayowe, kisha wakayacheka mayowe yao wenyewe. Mashavu hakupiga yowe. Alikuwa anatazama kazi yake.

Maana aliyetengeneza picha ile alimjua pweza. Mkono ulitangulia peke yake, ukapapasa sitaha ya meli polepole, ukaonja, ndipo ukashika. Mvuvi akavuta. Ukakaza. Mashavu akajiuliza: Ikiwa yote hayo ni kweli, kwa nini ukubwa tu ndio uwe uongo?

"Wifi," alinong'ona, "bahari gani hiyo?"

Mwanakheir alikuwa na maneno matano ya Kizungu, na matatu ni ya kusalimia. Lakini kusema sijui mbele ya mtu wa shamba kulimshinda.

"Hii hii yetu," alisema. "Wanasema keshapita Bara Hindi, anakuja huku."

Mungu amsamehe, akarudi kwenye karanga zake.

Bamvua la kwanza baada ya safari hiyo, Mashavu alipiga magoti kwenye tundu alilolijua tangu utotoni. Kijiti kikashikwa. Akakiachia, akarudi nyuma kwa makalio kama mtoto. Siku ile alirejea na chaza nusu kikapu, akawaambia watu mkono unamuuma baridi yabisi. Akawa anausugua mafuta barazani ili uongo wake uonekane. Angesema nini? Kwamba anaogopa kwa sababu ya sinema?

Mwezi wa pili ukapita hivyo hivyo. Ndipo Sichana, ambaye sasa alikuwa mke wa mtu, akaja na kijiti.

"Dada, nionyeshe hayo matundu. Ukipona utayarudia."

"Ngoja ngoja kidogo, mdogo wangu."

"Nshangoja miezi miwili. Tule nini, mafuta ya kusugulia?"

Wakatoka. Mashavu alimwonyesha kwa kidole, kutoka mbali. Kumi yalikuwa kwenye maji mafupi. La kumi na moja liko ukingoni, mwamba unapokatika na maji kugeuka meusi, na mama yao alisisitiza livuliwe kwanza, maji yangali yakipwa. Mashavu aliliacha la mwisho. Hakutaka kufika kule, na kila walipomaliza tundu moja aliomba kimoyomoyo Sichana atosheke. Sichana hakutosheka. Alikuwa ameona raha ya kuvua.

Wavuvi wenzao walishaanza kurudi, na maji yanajaa, Sichana alipopiga magoti ukingoni na kuingiza mkono mpaka begani.

"Nimempata!" Kisha, kwa sauti nyingine, "Dada, kanishika."

"Usivute!"

"Sivuti. Njoo umbonye, mie sikifikii kichwa."

Tundu lile lina mlango wa nyuma, upande wa kina, na kwa huko ndiko kichwa hufikiwa. Mashavu alikuwa hatua kumi tu kutoka hapo. Aliyatazama maji meusi na miguu ikakataa. Si kwamba hakumpenda mdogo wake. Aliuona ule mkono wa sitaha, ukipapasa, ukimtafuta yeye.

Maji yalimfika Sichana kifuani. "Dada." Yakamfika mabegani. Sasa alivuta, kama angevuta mtu yeyote, na pweza akakaza. Akanyoosha shingo kuokoa pumzi, macho kamkodolea Mashavu.

"Dada Mashavu, mbona umesimama?"

Mashavu mwenyewe alisema baadaye kwamba alisimama muda wa kusoma Alhamdu mara tatu. Wimbi la kwanza lilipofunika mdomo wa Sichana, Mashavu akaenda. Alikwenda analia kwa sauti, kafumba macho, akaingiza mkono kule nyuma na kuhisi baridi ikimzunguka vidole. Akatafuta kichwa. Akabonya.

Sichana akachomoka, anakohoa maji ya chumvi, mkono umejaa alama za duara. Pweza akatoka naye. Hakuzidi ratili tatu, uzito wa kuku.

Walirudi pwani. Sichana alimpiga pweza jiweni kama kawaida, akampika kwa nazi, akamletea dada yake fungu lake, kubwa kuliko la mumewe. Hakumwambia mtu neno, wala hakumlaumu.

Bamvua lililofuata, Mashavu aliamka na hofu yake ile ile, akachukua kijiti, akaenda kupiga hodi kwa mdogo wake.

"Keshatoka," alisema Simai, mume wa Sichana. "Kafuatana na jirani, Mwatum. Kwani hakukwambia?"

Kutoka ufukweni Mashavu aliwaona, mbali mwambani. Sichana kaingiza mkono, na Mwatum kapiga magoti kando yake, karibu kabisa.