Uzi Unaorudi Mkononi

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo huikumbuka kila ninapomwona mtu mzima akivishwa koti na mwenzake. Ilikuwa Julai, na baridi ya Tetu ilikuwa imekaa vidoleni mpaka saa nne asubuhi. Ndugu yangu Muriuki alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, nje ya kitalu chetu cha miche hapa Wamagana, mkono wake wa kushoto umelala mapajani kama kitu alichoazimwa.

"Cucu," akaniambia, "mimi naenda Wang'uru. Kuna stoo ya mchele inatafuta mlinzi. Mlinzi hahitaji vidole."

Kabla sijaendelea nikueleze. Cucu ni nyanya. Ndugu zangu waliniita hivyo tangu utotoni kwa sababu nilipewa jina la mama yake baba, kama ilivyo desturi yetu, na baba mwenyewe alikuwa akinisalimu kwa heshima ile ile aliyompa mama yake. Wazazi walipotutoka, jina hilo likageuka kazi. Niliacha shule nikiwa darasa la saba nikalea wadogo zangu, na Muriuki ndiye kitinda mimba. Alipokua alijifunza kupandikiza avokado, akawa fundi ambaye watu wa kijiji cha tatu walimfuata. Unachonga kijiti cha mti mzuri, unakipachika kwenye mche uliopasuliwa, unakifunga kwa utepe wa nailoni. Kidole gumba na viwili vinavyofuata ndivyo vinavyoshika kila kitu. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Mpandikizaji hata viwili havimtoshi.

Kisu cha kazi hiyo ni kikali kama wembe. Mwezi wa tano kiliteleza kikaingia kwenye kifundo cha ule mkono, upande wa kiganja. Hospitalini Nyeri daktari alimshona, akatuambia neva ya katikati ilikuwa imekatika kabisa, ameiunganisha, sasa tungoje. Jeraha lilifunga vizuri, lakini vidole vile vitatu havikusikia kitu. Asubuhi moja Muriuki alishika kikombe cha chai iliyotoka motoni, akaendelea kuongea habari za mvua. Ni mimi niliyeona malengelenge.

Sasa sikiliza kosa ambalo mtu wa kitalu pekee angeweza kulifanya. Mche ukipandikizwa unangojwa kama mwezi hivi. Kijiti kikishika, jicho linafunguka na unaona kijani. Kikigeuka cheusi, umekosa. Unautoa mche ule unaweka mwingine. Muriuki aliuhukumu mkono wake kwa sheria hiyo hiyo.

"Mwezi imepita na nusu, hakuna jicho," akasema. "Hii mkono ilikufa, Cucu. Ingekuwa mche ungekuwa umeitupa."

Akaacha mazoezi, akaacha kliniki. Nami kwa huruma nikawa mkono wake. Nilimfunga vifungo, nikammenyea viazi, nikamtilia dawa kwenye mswaki.

Siku hiyo ya Wang'uru sikubishana naye. Nilisema, "Sawa, utaenda. Lakini kesho tupitie kliniki umuage fizio."

"Fizio anaagwa?"

"Amekushika huo mkono siku nyingi. Mtu hahami kama paka."

Alicheka, akakubali. Mwanangu, wakati mwingine adabu hufungua mlango ambao ubishi ungeufunga.

Fizio wetu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliitwa Wafula, mtu wa Bungoma mwenye mvi, msemaji wa polepole, mpenda mzaha. Tulipoingia niliinama kumvua Muriuki koti, kama nilivyozoea. Wafula akatutazama juu ya miwani.

"Mama, huo mkono ni wa nani?"

"Ni wake."

"Basi mbona ni wewe unautumia?"

"Mimi ndiye nimemlea," nikasema, na sauti yangu haikuwa nzuri.

"Kulea ulimaliza, tena ulilea vizuri. Lakini mchelea mwana kulia hulia yeye. Kaa pale kwa kiti."

Nilikaa. Sikuwa nimeambiwa "kaa pale" tangu nitoke shuleni.

Muriuki akamweleza habari ya mwezi na nusu, na jicho ambalo halikufunguka. Wafula hakumcheka. Alichukua kalamu, akaweka kidole chake kwenye kisogo cha Muriuki, pale shingo inapoanzia.

"Seli ya neva ni kiumbe cha ajabu," akasema. "Mwili wake ni mdogo sana, na hauko mkononi. Uko huku juu, kwenye uti wa mgongo na kando yake. Pale ina matawi mafupi ya kupokea habari, kama mizizi inavyokunywa maji. Halafu inatoa uzi mmoja mrefu wa kupeleka habari, unashuka begani, kiwikoni, mpaka kwa kidole. Nyuzi kama hizo nyingi sana, zikifungwa pamoja, ndiyo neva uliyokata. Nyingine zinapeleka amri chini, nyingine zinaleta habari juu. Upande wa vidole nyuzi zilikufa, hapo uko sawa."

"Si nilikuambia, Cucu," Muriuki akasema.

"Ngoja. Mti wa kahawa ukikatwa ukabaki kisiki, unang'oa?"

"Hapana. Unangoja machipukizi."

"Kwa nini?"

"Mizizi iko."

"Hata kwetu Bungoma tunajua hivyo, na tunaambiwa kahawa yetu si kitu mbele ya yenu."

"Si kuambiwa," Muriuki akasema. "Ni kweli."

Wafula akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akaendelea, na maneno yake yaliyofuata ndiyo niliyobeba moyoni mpaka leo. Alisema kila uzi una seli saidizi zinazouzunguka. Hizo hazibebi ujumbe hata mmoja. Zinajiviringisha juu ya uzi tabaka kwa tabaka, kwa ala yenye mafuta, karibu kama Muriuki anavyoviringisha utepe wake. Zinaulisha, zinausafishia njia. Ubongoni nako kuna za namna yake, nyingine za kulisha, nyingine za kulinda, nyingine za kufunga.

"Sasa sikiliza," akasema. "Uzi ulipokufa, hizi za mkononi hazikuhama. Zilisaidia kuondoa mabaki, zikajipanga mstari ndani ya bomba lililobaki tupu, na zinatoa kitu cha kuuita uzi mpya. Kisiki kinachipua kule juu, chipukizi linaingia kwa bomba, linafuata hizo seli. Kwa siku halitembei hata unene wa shilingi. Kutoka hapa mpaka ncha ya kidole ni miezi, kijana, si mwezi."

"Na hizo seli zinalipwa na nani?"

"Muulize dada yako," Wafula akasema.

Muriuki alinitazama, kisha akatazama sakafu. Habari ya shule niliyoiacha kwa ajili yao hatukuwa tumewahi kuizungumza nyumbani.

Wafula akaanza kugonga ngozi kwa ncha ya kidole, kutoka kwenye kovu kuelekea kiganja, taratibu kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ya mgonjwa. Mbele kidogo ya kovu Muriuki akashtuka.

"Ni kama kupigwa na stima," akasema kwa sauti ndogo. "Imeruka mpaka kwa kidole."

"Hapo ndipo uzi umefika." Akaweka nukta ya kalamu. "Unakuja. Lakini ukifika ukute viungo vimekauka na misuli imekwisha, itakuwa ni mgeni aliyefika akakuta wenyeji wamehama. Kazi yako ni kuweka nyumba wazi. Nyoosha, kunja, kila siku, hata kama husikii kitu. Na kikombe cha moto shika kwa mkono ule mwingine."

Kisha akanigeukia. "Na wewe mama. Ile ala haifuniki uzi wote. Inaacha mapengo madogo madogo, na ujumbe unaruka kutoka pengo hadi pengo. Ndiyo maana unaenda mbio. Mfunge, lakini acha mapengo."

Tulirudi nyumbani, na Wang'uru ikaahirishwa. Usidhani ilikuwa rahisi, mwanangu. Kumsaidia mtu kwa kutomsaidia ni kazi nzito kuliko kubeba maji. Muriuki alipambana na kifungo kimoja mpaka chai ikapoa, nami nimesimama mlangoni nikikunja leso.

"Cucu, tazama nje," akaniambia. "Macho yako yanafunga hiki kifungo mbele yangu."

Nikatazama nje.

Nukta ya kalamu ilisogea. Mvua za Oktoba zilipoanza, stima ilikuwa imefika katikati ya kiganja. Palikuwa na siku mbaya, siku alizorusha mpira wa mazoezi kwenye matope na kusema Wafula ni mwongo. Niliuokota, nikauosha, nikauweka mezani. Mwenye stoo alipopiga simu tena, nilijifanya napepeta maharagwe. Nikamsikia Muriuki akisema, "Tafuta mtu mwingine, mzee. Mimi bado niko na kazi hapa."

Mwaka mpya ulipoingia, asubuhi moja tulikuwa tukisuuza mifuko ya miche kwenye beseni. Muriuki alitia mikono yote miwili, akanung'unika, "Haya maji ni baridi sana."

Nikaacha kusuuza. Akatoa mkono wa kulia, akauacha wa kushoto majini peke yake, akauinua mpaka vikabaki ndani vidole vile vitatu tu.

"Ni baridi," akarudia, na sasa hakuwa akilalamika.

Mkono haukurudi wote. Mpaka leo huangusha vitu vidogo, na gizani hawezi kutofautisha sarafu kwa vidole hivyo. Lakini anapandikiza, na anawafunza wengine, na vifungo vyake hufunga mwenyewe.

Basi mwanangu, haya ndiyo niliyonayo kukupa. Usihukumu jambo la miezi kwa sheria ya mwezi. Kila kitu kina mwendo wake, na kisichoonekana huenda kinatembea. Ukikatika, usikae ukihesabu kilichokufa tu, uliza mizizi yako iko wapi. Ukiwa wewe ndiye wa kuwashikilia wengine, usione haya kwamba jina lako halimo katika ujumbe. Bila wewe ujumbe haufiki. Ila ukumbuke kwamba huo ujumbe si wako. Zunguka, lisha, safisha njia, kisha uache pengo mtu aruke mwenyewe. Na ukiwa wewe ndiye unayeshikiliwa, fanya zoezi lako hata siku usiyosikia kitu, maana wapo waliobaki njiani kwa ajili yako.

Mungu akuzungushie watu wasiohama. Akupe moyo wa kubaki pale wengine wanapokuhitaji, na akili ya kusogea kando wakati wao ukifika. Na mahali popote ulipokatwa, mwanangu, pachipuke.