Yai la Mwalimu, Mwiko wa Bibi

Mwezi uliopita nilipita Kamachumu, nikasimama nje ya shule yetu ya msingi. Watoto walikuwa wakinawa mikono kwenye mabomba huku wakirushiana maji, nikajikuta nacheka peke yangu. Sisi, rafiki yangu, tulinawa kwa kopo lililotobolewa kwa msumari, kisha tukapanga mstari kukaguliwa kucha, meno na nywele, na ole wako uwe umesahau mswaki wa mti.

Zilikuwa siku za ujamaa. Shule ilikuwa na shamba la maharage na banda la kuku, vyote tukivitunza wenyewe. Mwalimu wetu wa afya, kijana wa Kaagya mwenye sauti kubwa kuliko mwili wake, hakuchoka kutufundisha mambo mawili: kuwatii wakubwa, na kula vizuri ili tujenge taifa. Nilimwamini kwa yote mawili. Shida ilianza siku alipochemsha mayai ya kuku wetu, akasema wasichana ndio watakaoanza kula.

Kwetu wakati ule yai lilikuwa mwiko kwa mwanamke. Hata senene, wale panzi watamu wa msimu wa mvua, unawakusanya, unawanyonyoa mbawa, unawakaanga, halafu wanakula wanaume. Bibi aliyenilea alishasema wazi kwamba msichana atakayekula yai hatalala nyumbani kwake. Na mwalimu akasema asiyekula asirudi darasani. Sasa nimtii mkubwa yupi? Nililia mpaka kwikwi ikanishika, mwalimu akanirudisha nyumbani.

Jioni akaja mwenyewe, yai langu amelifunga kwenye leso. Bibi akampokea vizuri, akampa kahawa ya kutafuna kama mgeni yeyote. Mwalimu akaeleza habari za damu, mifupa, na wasichana wanaojifungua kwa shida. Bibi alimsikiliza hadi mwisho.

“Mama yako anakula mayai, Mwalimu?”

Mwalimu akatazama chini. “Hapana, Mama. Hataki hata kuyasikia.”

“Na wewe humlazimishi?”

“Nitamlazimishaje mama yangu?”

Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Mwalimu wa afya alikuwa ameshindwa nyumbani kwao! Nilidhani Bibi atamcheka, amfukuze, nami nibaki na mwiko wangu bila shule. Badala yake alilichukua lile yai, akalimenya taratibu, akanipa.

“Kula. Utalala hapa hapa.”

Nililimeza karibu zima kwa hofu, likanikwama, wakanipiga mgongoni wote wawili. Mwalimu alipoondoka, Bibi akasogea karibu yangu, akaninong'oneza, “Likoje?”

Sikuwa nimesikia ladha yoyote.

Mpaka leo sielewi. Je, hoja za mwalimu zilimwingia Bibi? Alimhurumia kijana wa watu? Au alikuwa akilitamani yai tangu akiwa msichana, akipika na kuwaandalia wengine? Nimewauliza wenzangu tuliosoma pamoja, nao wanabisha tu, kila mmoja na lake. Mwiko wenyewe umekufa bila matanga, na wajukuu zangu siku hizi wanabagua hata kiini. Bibi alituacha bila kuonja. Ladha ya yai naijua vizuri sana sasa, ningeweza kuieleza jioni nzima, wala hakuna anayeniuliza.