Aliyeketi kwenye Kigoda cha Kondo

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya karatasi moja. Ninafundisha historia katika shule ya sekondari huko Gwata, wilayani Kibaha, na mwaka huu nilialikwa kusoma wasifu wa shujaa Kondo katika maadhimisho ya Siku ya Mashujaa kijijini Masaki, Kisarawe. Jina lake limeandikwa kwenye nguzo ya saruji karibu na ofisi ya kata: alinyongwa na Wajerumani wakati wa Vita vya Maji Maji. Wasifu nilikuwa nimeshauandika. Hata hivyo, ninaamini kwamba haifai kumsimulia marehemu kabla ya kuwasikiliza waliobaki na habari zake. Kwa hiyo nilisafiri siku moja mapema, ili nionane na mjukuu wake, Bibi Mwanahawa.

Saa kumi na mbili asubuhi, tarehe 24 Julai, pikipiki ilinitoa Gwata hadi Mlandizi. Kipupwe kilikuwa kimeingia na nyasi zilikuwa zimelowa umande. Kutoka Mlandizi basi lilinishusha Kiluvya, na hapo nikashika njia ya ndani ya kwenda Kisarawe mjini. Niliisoma karatasi yangu mara tatu njiani, na kila mara niliiona nzuri.

Saa nne nilikuwa juu ya bodaboda. Baada ya kupita Msimbu tuliingia kwenye mashamba ya mikorosho iliyokuwa ikianza kutoa maua. Watu walikuwa wakiipulizia salfa, na vumbi lake la njano lilitua hadi kwenye mikono yetu. Dereva aliposikia niendako alinieleza kwamba ukoo wa Kondo ni watu wakubwa pale kijijini. Kila mwaka hukalishwa viti vya mbele, na Bibi ndiye huweka shada la maua.

Saa sita kasoro nilimkuta Bibi Mwanahawa uani akimenya mihogo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mimi ni mtu wa wapi. Nilimjibu kuwa wazazi wangu ni Wasukuma, waliohamia Gwata na ng'ombe wao kabla sijazaliwa.

"Kumbe mtumwa wangu amekuja," alisema, akanisukumia kisu. "Menya basi. Mlifikiri mihogo ni ya kulishia ng'ombe tu?"

Wazaramo na watu wa bara ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi, na mtani hakasiriki. Nikamenya. Nilipokuwa nikimenya nilimwuliza kuhusu baba yake, mtoto wa Kondo. Alisema baba yake alizaliwa Waingereza wakiwa wameshaingia nchini.

Kisu kilisimama mkononi mwangu. Kama Kondo alinyongwa wakati wa Maji Maji, mwanawe angezaliwaje baada ya Wajerumani kuondoka? Nilidhani amekosea, nikamwuliza tena kwa upole. Bibi akasema, "Sikukosea. Babu Kondo nimemwona kwa macho yangu. Alikuwa akinibeba mgongoni."

Ndipo aliponisimulia. Mpagazi mmoja wa Kinyamwezi, aliyeitwa Maganga, alikuwa akilala kwa Kondo kila msafara wake ulipoteremka pwani. Kwa haki ya utani, alipoingia tu alikikalia kigoda cha mwenyeji, akadai kuwa nyumba ni yake na Kondo ni mpangaji, akaagiza achinjiwe kuku. Siku askari walipokuja kumtafuta Kondo, mwenyewe alikuwa porini. Maganga alikuwa kwenye kigoda. Waliuliza mwenye nyumba ni nani, naye akajibu kuwa ni yeye. Wakamchukua.

Kondo alihamia mbali, akatumia jina jingine, akarudi baada ya Wajerumani kushindwa, bado kwa jina hilo, na waliomjua wakaitunza siri. Miaka mingi baadaye walikuja watu wa kukusanya majina ya mashujaa, nao walikuwa na maandishi ya zamani yaliyosema Kondo alinyongwa. Baba yake Bibi alinyamaza. Mwanzoni ilikuwa hofu. Baadaye, nguzo iliposimamishwa, ikawa aibu.

Niliuliza kama Maganga alikuwa akitania tu, bila kujua hatari.

"Wapo wa nyumbani waliosema hivyo," alijibu. "Babu alikataa. Alisema Maganga aliziona bunduki, na kamba aliiona."

Alasiri Shabani, mtoto wa kaka yake Bibi, alirudi kutoka shambani akiwa na mashine ya salfa mgongoni. Alipotambua tunazungumza nini aliitua polepole.

"Shangazi, yaache hayo," alisema. Kisha akanigeukia. "Ng'ombe wenu wamemaliza mihogo yetu, sasa mnataka na marehemu wetu? Mwalimu, wewe kesho unarudi Gwata. Mimi ninabaki hapa, na wanangu wataitwa wajukuu wa waongo."

Bibi alicheka kidogo kwa ule utani wa ng'ombe. Mimi sikuweza, kwa sababu ulikuwa na ukweli. Niliposikia kwamba Maganga alikuwa mtu wa bara moyo wangu uliruka, na sasa sikujua kama ninautaka ukweli au fungu langu ndani yake. Nilimwambia Shabani kwamba neno hilo ni lao na sitalitoa mimi. Lakini wasifu nilioandika sitausoma, nitasema sikuukamilisha.

Bibi alikuwa bado anamenya. "Kila mwaka ninamwekea babu shada lisilo lake, na moyoni ninamwomba Maganga radhi," alisema. "Mwakani sijui kama nitaweza kusimama. Maganga atawekewa na nani?"

Shabani alichukua kisu changu, akaketi kumenya pamoja naye.

Saa tatu asubuhi, tarehe 25, uwanja ulikuwa umejaa. Afisa mtendaji wa kata aliiita familia ya Kondo. Bibi alitembea hadi kwenye nguzo akiwa ameshikwa mkono na Shabani, akasimama, wala hakuinama. Mtendaji alifikiri ni uzee, akasogea kumsaidia. Shabani alikiomba kipaza sauti.

"Ndugu zangu," alisema, bila kupandisha sauti, "babu yetu Kondo alifia kitandani. Aliyenyongwa ni mgeni wetu, mtani wetu, Maganga. Tulinyamaza. Leo shangazi anaomba amwekee yeye."

Kisha mtu mmoja akauliza kwa sauti kama bado watakaa mbele.

"Tutakaa nyuma," Shabani akajibu.

Bibi aliinama, akaweka shada. Walivipita viti vyao wakaelekea kwenye mikeka ya nyuma, na mama mmoja jirani akajisogeza kuwapa nafasi. Zamu yangu ilipofika nilikunja karatasi nikasimulia nilichosikia, pamoja na yale ambayo hakuna ayajuaye.

Mchana niliaga na kurudi Gwata kwa njia ile ile. Jumatatu wanafunzi wangu waliniuliza Maganga alikuwa mwana wa nani, na wa kijiji gani. Swali hilo nilimwuliza Bibi wakati wa kuagana. Alisema Kondo hakuwahi kumwuliza Maganga, kwa sababu siku zote alijua mgeni wake atakuja tena. Chuoni nilizoea kuona jina lililoandikwa kama ushahidi, na kwa jina lililoandikwa tuliweka shada kwa asiyestahili miaka yote hiyo. Niliandika ubaoni "Maganga", nikaacha nafasi mbele yake. Mwanafunzi mmoja aliuliza kama, wakinakili, nafasi hiyo nayo waiache.

Nikawaambia waiache.