Kitambaa cha Mama juu ya Kompyuta

Mtu akikuambia kwamba kubadilisha prosesa ni kazi ya asubuhi moja, mwache aseme. Mimi nilimwamini, nikazeeka.

Haja yangu ilikuwa moja tu. Mdogo wangu wa mwisho aliolewa Ndola, ng'ambo ya mpaka wa Kasumbalesa, na mama hakuweza kwenda. Macho yake yalikuwa yanafifia, na foleni ya mpakani ingemmaliza. Shemeji alinitumia video za harusi, rundo la mafaili mazito, niziunganishe ziwe filamu moja ambayo mama angeitazama akiwa bado anaona. Kompyuta yangu ikashindwa hata kuzifungua. Nikanunua prosesa yenye nguvu, nikaifunga mwenyewe hapa nyumbani Naviundu, nikajipiga kifua.

Mama aliposikia kuna kitu kipya ndani, alifungua sanduku lake. Kwetu televisheni, redio, hata friji iliyokufa zamani, huvalishwa kitambaa cha kufuma. Alitoa kimoja cheupe chenye pindo la maua, kazi ya mwisho aliyofuma kabla macho hayajamsaliti, akakishusha juu ya kasha la kompyuta, kando ya kioo, mpaka likafunikwa pande zote.

"Kintu ya mupya haiwezi kuikala butupu," alisema, kama anayemstiri mtoto aliye uchi. "Vumbi ya huku unaijua."

Nani angembishia? Na kilipendeza, kusema kweli.

Kuanzia hapo kompyuta ikawa ya kubembelezwa. Kuwaka tu, ungeweza kwenda kuchota maji, urudi, uikute bado inazungusha duara lake. Nikiiambia ikate kipande cha video, inaganda. Nilisafisha diski, nikaongeza memori, nikafuta kila kitu nikaanza upya. Nilibandua prosesa nikaipaka tena ile dawa ya kuipoza, nikafunga, nikarudishia kitambaa. Nilibadilisha hata programu ya bodi yenyewe, huku nikiomba umeme usikatike katikati. Haukukatika, ajabu! Na hakuna kilichobadilika.

Kila jioni mama aliulizia ile harusi, "Mariage ya mutoto iko tayari?"

"Bado, mama. Machine inachoka."

"Basi ipumuzike. Hata mimi ninachoka."

Siku hizo alikuwa ameanza kumimina chai pembeni ya kikombe. Niliona, nikarudi kwenye lile duara. Niliichukia mashine ile kama mtu anavyomchukia jirani. Baadaye hata nguvu ya kuchukia iliniishia.

Jumamosi moja mke wangu alifua vitambaa vyote vya nyumba, na hicho pia. Niliwasha kompyuta bila matumaini, ikawaka kabla sijakaa vizuri. Nilikata, nikaunganisha, nikasonga mbele mpaka alasiri. Kitambaa kilipokauka, mama alikirudisha mwenyewe, akakinyoosha kwa kiganja. Haikuchukua muda, picha ikaganda.

Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Niliingiza mkono chini ya kitambaa, nikautoa haraka. Moto! Prosesa kubwa hutoa joto jingi kuliko ile ya zamani, na ikiona inaungua hujipunguzia mwendo isife. Tundu lake la kupumulia lilikuwa limezibwa na maua ya mama. Nilicheka, halafu nikataka kulia. Muda wote ule macho yake yalikuwa yanazidi kwenda, na kilichomchelewesha kilikuwa kazi ya mikono yake.

Sikumwambia. Akilala mchana nilikivua, akikaribia kuamka nilikirudisha. Hivyo ndivyo filamu ilivyokwisha.

Siku ya kuitazama, kitambaa nilikuwa nimekiweka kando. Mama alivuta kiti mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Ngoma zikalia, watu wakacheza. Akagusa kioo kwa kidole, akitaka kujua kama ndiye binti yake.

"Ile yenye kuwa mweupe, njo yeye?"

Ile nyeupe ilikuwa turubai la wageni. Mdogo wangu alikuwa ameshabadilisha nguo, yuko pembeni anacheza na kitenge chake cha kijani.

"Njo yeye, mama."

Aliitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha mkono wake ukapapasa meza, ukafika kwenye mashine, ukaikuta haina kitu.

"Ah! Uliivua nguo? Uifunike, vumbi itaingia."

Nikaifunika, pande zote, kama alivyopenda. Baada ya muda ngoma zikaanza kukwama, picha ikasita, ikasimama kwenye turubai. Nikanyoosha mkono nikivue kitambaa tena.

"Iache pale pale," mama alisema. "Bado minamuangalia mutoto wangu."