Divai ya Padri Gnel

Padri Gnel alikuwa na wivu, tena si wivu wa kuja na kupita. Ulihamia kwake ukafanya maskani. Ulianza walipokuwa wakijifunza zaburi katika monasteri ya Dvin, yeye na Babken, mtoto wa mfua vyuma. Gnel alikuwa na sauti ya kumtoa mtu machozi, kila mtu alikiri. Babken akiimba, mbwa wanajibu. Lakini maaskofu wazee walipotafuta mtu wa kukalia kiti cha uaskofu wa wilaya, wakamchukua nani? Huyo huyo Babken! Gnel akarudi kijijini, akarithi kanisa la baba yake, akamwoa Nvard, kwani mapadri wa Kiarmenia huoa, akapanda mizabibu ikastawi. Ungesema maisha mazuri hayo. Yeye hakuyaona.

"Kile kiti kilikuwa changu," alimwambia mkewe.

"Basi kakikalie," Nvard akajibu, anasokota sufu. "Mwenyewe anakuja Jumamosi kutusalisha. Mwambie akupishe!"

Askofu Babken alikuwa ametoka mji wa Karin kubishana na Wagiriki, ambao hutia maji katika kikombe cha misa. Kwa Waarmenia kama wao ni divai tupu, na askofu atakayeonekana ametia hata tone, siku hiyo hiyo kiti hana. Watu walinong'ona: je, karudi mwenzetu au karudi Mgiriki? Mnong'ono ule Gnel aliupenda, akausambaza.

Jumamosi jioni mgeni akafika, amenenepa, anacheka. Watoto wakagombania kumbusu mkono. Nvard naye, ambaye mumewe hakumkumbuka akicheka tangu mavuno, alicheka mpaka akashika mbavu. Roho ikamuuma Gnel! Akaenda kwenye pipa la udongo lililofukiwa ardhini, akachota divai nusu mtungi, nusu nyingine akajaza maji.

"Anywe ya Wagiriki wake," akasema moyoni.

Mezani Babken akaonja, akamtazama Gnel, akaweka kikombe chini. Akausifu mkate, akaenda kulala.

Asubuhi Nvard, mwanamke asiyependa kitu kiharibike, akauona mtungi bado umejaa. Akaubeba mpaka kanisani uwe wa misa, akauweka mezani pa sakristia, chumba cha kando ya madhabahu.

Misa ikaanza. Babken akainua mtungi, akamimina, akasita. Gnel, aliyesimama ubavuni pake, akaona wekundu umefifia. Furaha ikamtangulia akili.

"Maji! Jamani, ametia maji! Karin wamemgeuza!"

Kanisa likalipuka. "Mgiriki huyo!" "Mtoeni!" Mzee mmoja akaanza kupanda ngazi za madhabahu, ameshika bakora.

Babken akauliza kwa utulivu, "Mtungi huu kauleta nani?"

"Mimi, Baba Askofu," Nvard akajibu kutoka upande wa wanawake. "Ni wetu, ule wa jana mezani. Padri mwenyewe aliujaza." Halafu akatambua alichosema, akajiziba mdomo.

Vichwa vyote vikamgeukia Gnel.

"Makubwa!" mtu akapaza sauti. "Padri, mgeni unamtilia maji?"

Gnel akatamani ardhi immeze. Babken akamwinamia sikioni. "Jana nilionja, nikanyamaza. Sikutaka mkeo aaibike." Kisha akapaza sauti: "Jamani, mitungi imechanganyika, basi. Mshukuruni ndugu yangu, jicho lake limeiokoa misa. Padri, kalete divai nyingine."

Watu wakapoa, wakatabasamu. "Huyo ndiye askofu!" akasema yule mzee, akaishusha bakora.

Gnel akatoka mbio, akapiga magoti penye pipa. Alijua amesitiriwa, na kwamba ilimpasa kushukuru. Akachota divai tupu. Angepigwa bakora mbele ya kijiji kizima, angevumilia. Lakini kusitiriwa na Babken!

"Hata aibu yangu kaninyang'anya," akasema, "ikawa sifa yake."

Akaubeba mtungi, akarudi. Walikuwa wanamngoja.